Wakwe waliotapakaa toka Assynt hadi Waipu: mti mmoja wa ukoo unawezekana?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, nimeolewa Ottawa, Kanada, na tuna watoto wawili, wa miaka 12 na 9. Mume wangu ni wa asili ya Uskoti, jina lao linaanza na Mac. Wazee wao walitoka Assynt, kaskazini mwa Uskoti, wakaenda Cape Breton, kisiwa cha jimbo la Nova Scotia hapa Kanada, kisha nusu yao wakahamia Waipu, Nyuzilandi. Wengine wapo Melbourne, na shangazi mmoja yuko Inverness, Uskoti. Ana miaka 84, na ndiye pekee anayesoma Kigaeli, lugha ya asili ya Waskoti wa kaskazini. Mama mkwe ndiye aliyekuwa kiungo cha wote. Amefariki mwaka jana, akatuachia makasha mawili ya picha na barua, na Biblia ya Kigaeli iliyoandikwa majina ndani. Kikundi cha WhatsApp kimekufa kwa ugomvi: binamu mmoja ameweka mtandaoni mti unaofika hadi mkuu wa klani (ukoo mkubwa wa Kiskoti) wa karne ya 13, shangazi akasema ni uongo mtupu. Halafu kuna aliyepima DNA huko Melbourne, akajitokeza jamaa wa karibu ambaye hakuna anayemjua. Mume wangu amekata tamaa. Je, inawezekana kuwa na mti mmoja wa ukoo mzima? DNA inaweza kumaliza ubishi? Na mimi, mtu wa kuja, nina haki gani ya kulishika jambo hili?

JIBU: Dada yangu, poleni sana kwa kuondokewa na mama. Maswali yako ni matatu, lakini nyuma yake nasikia hofu moja: aliyekuwa akiwashika watu hawa pamoja hayupo, na wanao wasije wakabaki na jina la Mac bila watu wa Mac. Nitayajibu yote. Nianze na lile la mwisho, maana likikukaa moyoni hutayafanya mengine.

Haki unayo. Mama mkwe wako naye aliingia katika ukoo huo kwa ndoa, na bado ndiye aliyekuwa kiungo. Katika kazi yangu ya nyaraka za koo nimefungua makasha mengi, na mengi nimeyakuta mikononi mwa wake walioolewa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiandika barua za sikukuu na kukumbuka nani kazaa na nani kazikwa. Tena wewe una kitu ambacho wakwe zako hawana. Umelelewa katika lugha inayotenganisha mjomba na baba mdogo, shangazi na mama mkubwa. Kiingereza kinawaweka hao wote chini ya maneno mawili. Jamaa wa Melbourne akianza kukusimulia habari za mjomba, wewe utauliza papo hapo: ndugu wa mama, au wa baba? Swali hilo moja limewahi kuniokolea miezi ya kazi.

Sasa tazama bahati mliyo nayo. Njia waliyopita wazee hao inajulikana. Mwaka 1817 mhubiri mmoja wa Assynt, Norman McLeod, alivuka Atlantiki hadi Pictou, Nova Scotia. Mwaka 1820 akahamia St. Ann's, Cape Breton, pamoja na wafuasi wake. Ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa miaka ya 1840, akaamua kuhama tena, mzee wa miaka zaidi ya 70. Kuanzia 1851 meli sita ziliondoka Nova Scotia kwa nyakati mbalimbali, za mwanzo zikapitia Australia, na zaidi ya watu 800 wakaishia Nyuzilandi, wengi wao Waipu. Assynt, Cape Breton, Waipu: wazee wa mume wako karibu kwa hakika walikuwa katika msafara huo, au walihama kwa kuwafuata jamaa zao. Hao wa Melbourne huenda walishukia njiani, huenda walikuja baadaye. Hilo ni la kuchunguza.

Faida yake ni hii. Waliohama hivyo hawakuhama mmoja mmoja. Walikuwa jumuiya ya wasema Kigaeli, wakioana wao kwa wao, wakisali pamoja, wakilima mashamba yanayopakana. Ukikosa habari za babu, watafute majirani zake. Mara nyingi jirani wa Waipu alikuwa jirani St. Ann's, na baba yake alikuwa jirani Assynt.

Tuje kwenye ugomvi. Shangazi yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa neno uongo limekuwa kali. Kwa Kigaeli *clann* maana yake ni watoto, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani kila mwenye jina la klani ni mtoto wa damu wa mkuu wa klani. Sivyo ilivyokuwa. Wapangaji wa ardhi, walinzi, watu waliokuja kuomba hifadhi, wengi walichukua jina la mkuu waliyeishi chini yake. Kwa hiyo jina linakuambia wazee waliishi himaya ya nani, halikuambii walizaliwa na nani. Na Mac ni "mwana wa" tu, kama bin yetu. Binti kwa Kigaeli huitwa Nic. Wala usimsikilize atakayekwambia kwamba Mac ni Mskoti na Mc ni Mwairishi. Ni neno lilelile, na karani mmoja aliweza kuliandika kwa namna zote mbili katika ukurasa mmoja.

Kuna na suala la karatasi. Sajili ya parokia ya zamani kuliko zote zilizobaki Uskoti ni ya Errol, Perthshire, na inaanza 1553. Huko Nyanda za Juu, wanakotoka wazee wenu, parokia nyingi sajili zao zinaanza karne ya 18 au hata ya 19, na zina mapengo. Sasa mpangaji wa kawaida wa Assynt, ambaye babu yake hakuandikwa popote, ataunganishwaje na mtu wa karne ya 13? Atakayekuwa ameunganisha ni mtu wa zama zetu aliyeona majina mawili yanafanana. Nembo nazo ni vivyo hivyo: kwa sheria ya Uskoti, inayosimamiwa na ofisi ya Lord Lyon, ngao ya ukoo ni mali ya mtu mmoja mmoja, haiji pamoja na jina.

Lakini binamu huyo msimfukuze. Mtu mwenye hamu kiasi hicho ni mali. Mpeni kazi yenye mpaka: athibitishe kila mtu kuanzia leo kurudi hadi 1855, karatasi kwa karatasi, kabla ya kugusa chochote cha nyuma zaidi.

Nimetaja 1855 kwa sababu. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari mwaka huo, na ni wa ukarimu ajabu. Nina nakala ya kumbukumbu moja ya kifo ya 1861 kutoka pwani ya magharibi. Marehemu ni mjane wa mvuvi, miaka 78. Ndani yake limo jina la marehemu mumewe, jina la baba yake na kazi yake, jina la mama yake pamoja na ukoo ambao mama huyo alizaliwa. Mstari mmoja, koo tatu. Waskoti hawakulifuta jina la mwanamke alipoolewa. Hata kwenye makaburi utakuta mke amechongwa kwa jina la kwao. Kisha, kwenye safu ya mtoa habari, kuna alama ya X, na msajili ameandika pembeni: mjukuu.

Simama hapo kwenye X. Kijana asiyejua kuandika ndiye aliyetaja wazazi wa bibi yake, watu ambao pengine hakuwahi kuwaona. Habari za kifo zina ushahidi wa siku ileile. Jina la mama wa bibi lina ushahidi wa masimulizi ya jikoni. Yote mawili yameandikwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, na anayenakili mtandaoni haoni tofauti. Kwa kila jina utakaloliandika, ongeza mstari wa pili: nani kasema, na alijuaje. Ukoo ukikubaliana kwa hilo tu, nusu ya ugomvi wenu haitarudi.

Kumbukumbu hizo zimo ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Unalipia kila picha. Za kuzaliwa zimefungwa mtandaoni kwa miaka 100, za ndoa 75, za vifo 50. Sensa ziko wazi kuanzia 1841 hadi 1921. Ila waliohama na McLeod waliondoka kabla ya 1855, kwa hiyo wao wenyewe hutawakuta. Watafute ndugu zao waliobaki nyumbani. Nova Scotia ina pengo baya: vizazi na vifo vilisajiliwa 1864 hadi 1877, kisha kimya hadi 1908. Humo katikati utategemea makanisa, sensa, na ndoa, ambazo ziliendelea kuandikwa. Picha zake ziko bure kwenye tovuti ya Nova Scotia Archives. Kwa Waipu, magazeti ya zamani ya Nyuzilandi yamo bure kwenye Papers Past, na matangazo ya vifo humo mara nyingi hutaja alikozaliwa marehemu.

Onyo moja kuhusu majina, maana hapa ndipo miti mingi inapovunjika. Waskoti walikuwa na desturi: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Mkikuyu akisoma haya ataona kama anasoma habari za kwao, ila kwao binti wa kwanza huanzia upande wa baba. Matokeo yake ni kwamba mzee mmoja John mwenye wana watano huenda akawa na wajukuu watano John, wa jina moja la ukoo, waliozaliwa ndani ya miaka kumi, kijiji kimoja. Juu ya hapo makarani walitafsiri Kigaeli kila mmoja kwa mtindo wake: Tormod akawa Norman, Oighrig akawa Effie au Euphemia, Mòr akawa Marion au Sarah. Wenyeji walitatua kwa kusoma nasaba, Dòmhnall mwana wa Iain mwana wa Alasdair, kama sisi na bin bin zetu, na kwa majina ya utani. Basi jina la utani la familia likitajwa na mzee yeyote, liandike. Lina thamani kuliko tarehe. Na usimwingize John yeyote kwenye mti bila kijiji chake na jina la mkewe.

Je, mti mmoja unawezekana? Ndiyo, ila uamue aina. Kuna tovuti zenye mti mmoja wa dunia nzima, kama FamilySearch na WikiTree, ambako mtu yeyote anaweza kusahihisha. Ni za bure, na ni nzuri kwa marehemu wa zamani, lakini utaamka siku moja ukute mgeni kawaunganisha akina Donald wawili kuwa mtu mmoja. Kuna tovuti kama Ancestry ambako kila mtu ana mti wake. Amani ipo, ila watu hunakiliana, na kosa la mmoja hugeuka "ushahidi" wa ishirini. Miti ishirini iliyonakiliwa toka mmoja ni shahidi mmoja. Njia ya tatu ni programu kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na akifa au kompyuta ikifa, mmerudi mlipo leo.

Kwa ukoo kama wenu ningechagua hivi: mti mmoja wa faragha, wa kualikana, wenye mtunzaji mmoja kwa kila tawi. Cape Breton mmoja, Waipu mmoja, Melbourne mmoja, na wewe Ottawa. Mtunzaji wa tawi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watu wa tawi lake. Marehemu wa kabla ya 1900 muwaweke pia kwenye WikiTree, pamoja na ushahidi, ili jamaa msiowajua waweze kuwakuta. Walio hai wasionekane hadharani kamwe. Mara mbili kwa mwaka kila mtunzaji apakue nakala ya GEDCOM, faili ambalo programu zote za nasaba hulisoma. Na kwa kuwa faili hilo kwa kawaida halibebi picha, picha zihifadhiwe kando, mahali pawili. Kisha chapeni kitabu cha karatasi, hata cha kurasa 40. Nimeona tovuti zikifungwa na nywila zikizikwa na wenyewe. Sijaona bado ukoo uliopoteza nakala kumi za karatasi kwa mpigo.

DNA haitamaliza ubishi wa mkuu wa klani, na usiinunue kwa ajili hiyo. Hesabu yake ni hii: watoto wa ndugu wawili hushiriki kwa wastani asilimia 12.5, wajukuu wa ndugu wawili asilimia 3 hivi, vitukuu chini ya 1. Tena katika kila jozi kumi za vitukuu, karibu moja haitaonyesha chochote, na vilembwe karibu nusu hawataonyesha. Kwa hiyo wawili wasipolingana si lazima wawe hawana undugu. Na kwenu kuna tatizo la pili: jumuiya iliyooana yenyewe kwa vizazi, kama ya St. Ann's na Waipu, huwafanya watu waonekane wa karibu kuliko walivyo, kwa kuwa wanashiriki mababu kwa njia tatu au nne. Kipimo kinakusaidia pale ambapo karatasi zimeshakuleta kwenye watu wawili na unataka kujua yupi. Kipimo cha kromosomu Y, kinachofuata mstari wa kiume peke yake, kinaweza kuonyesha kama Mac wenu na Mac wa tawi jingine walikuwa na babu mmoja, bila kusema alikuwa lini hasa wala aliitwa nani.

Yule jamaa wa Melbourne ni jambo jingine kabisa, na hapo nakuomba uende taratibu. Huyo si kosa kwenye mti. Ni mtu, anayetafuta watu wake. Kiwango kilekile cha DNA kinaweza kuwa cha binamu, cha mjukuu wa mzee fulani nje ya ndoa, au cha ndugu wa mzazi kwa baba tu. Msibahatishe kwenye kikundi. Aliyepima ndiye aamue kama anataka kumjibu, na akijibu, yawe mazungumzo ya wawili. Kama inaelekea kugusa ndoa ya mtu aliye hai, au kama mmoja wao anakosa usingizi, watafute mshauri nasaha wa ana kwa ana. Wapo wenye uzoefu wa masuala ya malezi ya kambo na uzazi uliofichwa. Jambo hili halifai kubebwa kwa ujumbe wa simu. Mti unaweza kusubiri.

Sasa, nini hasa kitawarudisha watu kwenye kuongea? Kwa niliyoyaona, mti haufanyi kazi hiyo. Mti hutumwa, husifiwa, hufungwa. Picha yenye swali ndiyo hufanya. Chukua moja kwenye makasha ya mama, watu saba mbele ya banda la nyasi, itume kwa matawi yote ukiuliza tu: huyu wa tatu kutoka kushoto ni nani? Mzee wa Waipu aliyekaa kimya miaka miwili atajibu, kwa sababu anajua na wengine hawajui. Fanya hivyo kila mwezi kwa barua pepe fupi, si kwenye kikundi chenye kidonda. Nyuma ya kila picha halisi andika kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino.

Simu ya ukoo wote iwe mara mbili kwa mwaka, isizidi hapo. Mwezi Julai, Jumamosi saa tisa alasiri kwenu Ottawa ni saa kumi jioni Cape Breton, saa mbili usiku Inverness, na Jumapili saa moja asubuhi Waipu. Melbourne itakuwa saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo wao watumiwe rekodi.

Na Muheza je? Wanao ni vilembwe wa Assynt, na ni wajukuu wa Muheza pia, ila barua yako nzima haikutaja upande wako hata kwa mstari mmoja. Huko hakuna sajili za 1855. Kuna wazee, na pengine vitabu vya ubatizo kama kuna aliyebatizwa misheni ya Magila. Mtie mama yako kwenye mti huohuo, na umrekodi likizo ijayo akiyataja majina ya wazee kwa sauti yake.

Mkikwama, wapo wa kuwasaidia ana kwa ana: jumba la makumbusho la Waipu linatunza habari za familia za msafara ule, Beaton Institute, hifadhi ya nyaraka, iko Sydney, Cape Breton, na Edinburgh kuna ScotlandsPeople Centre ambako mtafiti wa kulipwa anaweza kuingia kwa niaba yenu. Biblia ikiwa mgongo umeachia au kurasa zina ukungu, ipeleke kwa mhifadhi wa nyaraka. Usiibandike gundi wala tepu.

Lakini kwanza ipige picha, kila ukurasa wenye mwandiko, pamoja na ule wa mwaka wa kuchapwa. Majina yote yakiwa kwa wino mmoja na tarehe zimeanza kabla ya mwaka huo, ujue yaliandikwa kwa mkupuo mmoja, kwa kumbukumbu ya mtu. Kisha mpigie shangazi wiki hii, bila kusubiri Julai, kwa video, asubuhi ya kwenu ambayo kwake ni mchana. Usimuulize habari za mti wala za binamu. Mwekee ukurasa mbele ya kamera, mwanao wa miaka 12 ashike simu nyingine ya kurekodi, na umwombe awasomee majina yale kwa Kigaeli, taratibu, moja moja, na kwa kila jina aseme nyumba yao ilikuwa wapi.